Maneno ya Kutisha katika Maabara: Historia ya Utafiti wa Miegemeo ya Fikra na Wasiwasi

Utangulizi

Wataalamu wa lugha wamezoea kuiona saikolojia kuwa taaluma ya jirani, inayobisha hodi kwao pale tu inapohitaji mifano. Mhadhara huu unahusu tawi moja la taaluma hiyo ambamo hali ilikuwa tofauti. Kwa muda mrefu, watafiti waliotaka kujua kwa nini mtu mwenye wasiwasi huiona hatari pale ambapo mwenzake haoni kitu walitegemea zana moja kuu, nayo ni neno. Walilipima kwa urefu wake, kwa wingi wa matumizi yake, kwa maana zake mbili zilizofichana, na kwa sehemu ndogo za sekunde ambazo akili huzitumia kulitambua. Mafanikio yao yalitokana na uteuzi makini wa maneno hayo. Mipaka ya matokeo yao, vilevile, ni mipaka ya lugha moja, yaani Kiingereza, zaidi ya ilivyokiriwa katika maandishi yao.

Neno mwegemeo linatumika hapa kwa maana ya akili kuelemea upande mmoja bila mwenyewe kukusudia, kama mtumbwi uliopakiwa shehena ubavu mmoja. Miegemeo iliyochunguzwa zaidi ni mitatu: ule wa umakini, unaoamua jicho litue wapi kwanza, ule wa ufasiri, unaochagua maana moja kati ya mbili, na ule wa kumbukumbu. Neno wasiwasi, kwa asili yake ya Kiarabu, limebeba picha ya mnong’ono, sauti ndogo inayorudiarudia. Waswahili nao wana msemo kwamba wasiwasi ndio akili. Msemo huo unagusa swali lililowashughulisha wanasaikolojia tangu mwanzo hadi leo: kuwahi kuiona hatari ni busara au ni maradhi?

Rangi ya wino

Historia hii inaanzia mahali ambapo wasiwasi haukutajwa kabisa. Mwaka 1935 John Ridley Stroop, wa Chuo cha George Peabody mjini Nashville, Tennessee, alichapisha majaribio juu ya watu wanaotaja rangi. Aliandika majina ya rangi kwa wino usiolingana nayo, mathalani jina la rangi nyekundu kwa wino wa kijani, akawataka washiriki wataje wino na kulipuuza neno. Kutaja rangi za miraba 100 kuliwachukua wastani wa sekunde 63.3. Kutaja rangi za wino wa maneno 100 yaliyopingana na wino huo kuliwachukua sekunde 110.3, yaani ongezeko la takriban asilimia 74. Msomaji stadi hana uwezo wa kutosoma. Maana hupenya hata pale ilipofungiwa mlango.

Stroop mwenyewe aliiacha maabara baadaye, akajishughulisha zaidi na kufundisha Biblia. Jaribio lake likabaki, likawa miongoni mwa yanayorudiwa zaidi katika saikolojia nzima. Kwa mwanaisimu wa Kiswahili lina jambo la kando lenye kufurahisha. Rangi tano alizotumia Stroop zilikuwa nyekundu, buluu, kijani, kahawia na zambarau. Kati ya hizo ni nyekundu peke yake iliyo kivumishi chenye kuchukua upatanisho. Kijani imetokana na jani, na kahawia na zambarau bado zinanukia kahawa na tunda. Anayelihamishia jaribio hilo katika Kiswahili huanza kwa maneno yasiyo ya aina moja, kabla hata mshiriki hajafungua kinywa.

Ushahidi wa mgonjwa mwenyewe

Njia ya pili ilianzia kwenye chumba cha daktari. Aaron Beck, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2021, alikuwa daktari wa maradhi ya akili katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwenye mafunzo ya mkondo wa Freud. Katika kuwasikiliza wagonjwa wa sonona alibaini kwamba maneno yao yalikuwa na mpangilio uleule: mimi sifai, dunia haina wema, kesho haitakuwa bora. Mwaka 1961 yeye na wenzake walichapisha hojaji ya kupima sonona yenye vipengele 21, na mwaka 1963 akatoa makala juu ya fikra za wagonjwa hao. Kitabu chake cha mwaka 1976 kiliyapanua mawazo hayo hadi kwenye wasiwasi. Kwa mujibu wa Beck, fikra za mwenye sonona huzunguka hasara iliyokwisha kutokea, na za mwenye wasiwasi huzunguka hatari inayokuja.

Ushahidi wa Beck ulikuwa kauli za wagonjwa, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Mtu akiulizwa anachofikiri hujibu kwa anachokikumbuka, na katika hicho huchagua kinachofaa kusemwa mbele ya daktari. Aidha, kama mwegemeo hutokea kwa kasi, kabla ya mtu kujitambua, hojaji haina namna ya kuufikia. Gordon Bower wa Stanford alijaribu kuziba pengo hilo. Katika makala yake ya mwaka 1981 alieleza kwamba kila hisia ni kama fundo katika wavu wa kumbukumbu. Fundo likivutwa, kumbukumbu zilizofungamana nalo husogea. Ulikuwa mfano mzuri, ila ulitabiri kwamba huzuni na hofu zingefanya kazi kwa namna moja. Maabara za Uingereza zilionesha kwamba sivyo.

London, 1983 hadi 1991

Kipindi hiki ndicho kiini cha historia yote. Mwaka 1983 Gillian Butler na Andrew Mathews waliwapa wagonjwa visa vifupi visivyokamilika maana, kama kushtushwa usingizini usiku na kishindo, wakawauliza ni nini kilichotokea. Wenye wasiwasi walichagua jibu la hatari mara nyingi zaidi kuliko watu wa kawaida. Waswahili wangesema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hata hivyo kisa na swali bado vilitegemea kauli ya mgonjwa, na Mathews alitaka zana isiyomhitaji mgonjwa aseme anachoona.

Akaurudia wino wa Stroop. Mwaka 1985, wakiwa katika Hospitali ya St George’s jijini London, Mathews na Colin MacLeod waliondoa majina ya rangi, wakaweka mahali pake maneno ya maradhi na maneno ya fedheha, pamoja na maneno yasiyotisha. Wagonjwa wa wasiwasi walichelewa kutaja wino wa maneno ya kutisha. Maneno ya fedheha yaliwachelewesha wote, lakini maneno ya maradhi yaliwachelewesha wale tu ambao wasiwasi wao ulihusu mwili. Jambo hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza, kwa kuwa linaonesha kwamba mwegemeo hufuata maana na maisha ya msomaji. Hauchochewi na ukali wa neno kwa jumla. (Colin MacLeod huyu asichanganywe na Colin M. MacLeod wa Kanada, aliyeandika mwaka 1991 mapitio mashuhuri ya nusu karne ya jaribio la Stroop. Majina hayo mawili yamewapoteza wanafunzi wengi.)

Bado palikuwa na pingamizi. Kuchelewa kutaja wino hakuthibitishi kwamba umakini ulivutwa na neno. Pengine mgonjwa alilisoma kama wenzake, kisha akapigwa na bumbuazi katika kujibu. Mwaka 1986 MacLeod, Mathews na Philip Tata wakabuni jaribio lililoliondoa pingamizi hilo kwa ustadi ambao hata wakosoaji wake wa baadaye wameuheshimu. Maneno mawili hutokea kwenye kioo cha kompyuta, moja juu na jingine chini, hudumu nusu sekunde, kisha hutoweka. Baadhi ya nyakati kitone kidogo hujitokeza mahali pa neno mojawapo, na mshiriki hubonyeza kitufe mara akionapo. Kitone hakina maana yoyote, na kubonyeza hakuna hofu ndani yake. Mtu akikiona upesi zaidi pale lilipokuwa neno la kutisha, basi umakini wake ulikuwa umekwisha kuhamia hapo. Wagonjwa wa wasiwasi ndivyo walivyofanya. Wagonjwa wa sonona hawakuonesha dalili hiyo. Watu wasio na maradhi walielekea kuliepa neno la kutisha.

Matokeo hayo ya mwisho hutajwa kwa haraka katika vitabu vingi vya kiada, ilhali yanahusu moja kwa moja suala la siha ya hisia. Aliye salama naye ana mwegemeo, ila umeelemea upande wa pili. Dai la namna hiyo lilikuwa limekwisha kutolewa Marekani mwaka 1979 na Lauren Alloy na Lyn Abramson: wanafunzi wenye huzuni walikadiria kwa usahihi jinsi walivyoitawala taa kwa kubonyeza kitufe, na wasio na huzuni walijidhania kuwa na uwezo kuliko waliokuwa nao. Kwa zaidi ya miaka 40 ilifundishwa kwamba mwenye huzuni huiona dunia jinsi ilivyo. Jaribio lilipofanywa upya na Amelia Dev, Don Moore na wenzao, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakuliunga mkono dai hilo. Wanaopenda kunukuu msemo wa wasiwasi na akili kama hoja ya kisayansi hawana budi kulizingatia jambo hili.

Mwaka 1988 Mark Williams, Fraser Watts, MacLeod na Mathews walikusanya ushahidi huo katika kitabu kimoja, wakapendekeza kwamba wasiwasi huelemeza hatua za awali za utambuzi, na sonona huelemeza hatua za baadaye, hasa kumbukumbu. Wavu wa Bower uliotarajia hisia zote zifanane ukawa umepasuka.

Kwa wanafunzi wa lugha, hata hivyo, majaribio yenye mvuto zaidi ni ya mwaka 1989 na 1991. Katika lile la 1989, Mathews, Anne Richards na Michael Eysenck waliwasomea washiriki orodha ya maneno na kuwataka wayaandike tu, kama imla ya shule. Baadhi ya maneno hayo hutamkwa sawa na kuandikwa tofauti: sauti moja ya Kiingereza huweza kuwa “kufa” au “kutia rangi kitambaa”, nyingine huweza kuwa “maumivu” au “kioo cha dirisha”. Tahajia aliyoichagua mwandishi ilifichua maana iliyomjia. Wagonjwa waliandika maana ya kutisha mara nyingi zaidi. Waliokwisha kupona walikuwa katikati ya wagonjwa na wazima. Mwaka 1991 Eysenck, Karin Mogg na wenzao walitumia sentensi nzima, mojawapo ikimhusu daktari aliyepima jambo fulani mwilini mwa mtoto, ambapo neno moja la Kiingereza hubeba maana ya kukua na ya uvimbe. Baadaye washiriki waliulizwa ni sentensi ipi kati ya zilizofafanuliwa inayofanana na waliyoisikia. Wenye wasiwasi waliutambua uvimbe. Waliopona walijibu kama wazima, jambo lililodokeza kwamba mwegemeo huo huja na maradhi na huondoka nayo.

Tumaini la tiba na anguko lake

Kujua kwamba mwegemeo na wasiwasi hufuatana si sawa na kujua kipi huzaa kipi. Mwaka 2000 Mathews na Bundy Mackintosh waliwapa watu wa kawaida visa vingi ambavyo neno la mwisho, lililopungukiwa na herufi, liliamua kama mambo yameishia vizuri au vibaya. Waliozoeshwa miisho mibaya walianza kufasiri visa vipya vibaya. Mwaka 2002 MacLeod, aliyekuwa sasa katika Chuo Kikuu cha Western Australia, pamoja na wenzake walikibadili kile kitone kuwa mwalimu: kwa kundi moja la wanafunzi kilitokea daima mahali pa neno baya, kwa kundi jingine mahali pa neno la kawaida. Baada ya mamia ya marudio wanafunzi walipewa mafumbo magumu ya kupanga herufi. Waliofundishwa kuelekea neno baya ndio walioathirika zaidi kihisia.

Ni rahisi kuelewa kwa nini matumaini yalipaa. Kama kitone kinaweza kuuzalisha mwegemeo, kitone hichohicho kinaweza kuuondoa, na tiba ingepatikana bila tabibu, bila mazungumzo marefu na kwa gharama ndogo. Mapitio ya Yuko Hakamata na wenzake ya mwaka 2010, yaliyojumlisha tafiti 12 zenye washiriki 467, yalitia moyo. Kufikia mwaka 2015 Ioana Cristea, Robin Kok na Pim Cuijpers walikuwa na majaribio 49 ya kujumlisha, na uamuzi wao ulikuwa mkali: athari ni ndogo, na huenda hazina maana kwa mgonjwa. Kasoro za majaribio mengi, walionya, zilikuwa zimeyapamba matokeo.

Dalili ya anguko ilikuwepo mapema kwa aliyetaka kuiona. Mwaka 2005 Stefan Schmukle wa Ujerumani alipima uthabiti wa jaribio la kitone, yaani kama mtu yuleyule hupata alama ileile akipimwa tena. Hakuukuta. Sababu yake yaeleweka kwa hesabu nyepesi. Alama ya mwegemeo ni tofauti kati ya kasi mbili za mtu mmoja, na kasi hizo hufanana mno, kwa sababu mwenye kidole chepesi ni mwepesi pote pawili. Ukitoa moja katika nyingine, kinachobaki ni sehemu ndogo sana za sekunde zilizojaa mabadiliko ya bahati tu. Hali hiyo haiyafuti matokeo ya makundi: Yair Bar-Haim na wenzake, waliojumlisha tafiti 172 mwaka 2007, walikuta mwegemeo wa wastani kwa watu wenye wasiwasi, na tofauti hiyo haikuwepo kwa wasio nao. Makundi yaweza kutofautiana hata kama mizani haifai kumpimia mtu mmoja. Kosa la miaka ile lilikuwa kuichukua mizani ya kundi na kuipeleka hospitalini, na kosa hilo lilifanywa na watu waliokuwa na data ya kuligundua.

Kiswahili katika suala hili

Njia ya hojaji imekwisha kufika Afrika Mashariki. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha uthibitishaji wa orodha ya dalili ya Hopkins yenye vipengele 25 kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI nchini Tanzania. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa toleo la Kiswahili la hojaji ya wasiwasi yenye vipengele saba, miongoni mwa watu wazima wanaoishi na virusi hivyo Kilifi, Kenya. Kazi hizo zinakabiliwa na jambo ambalo Beck hakukutana nalo Philadelphia. Katika Kiswahili kusema mtu “ana mawazo” ni kusema ana dhiki. “Usiwe na mawazo” ni faraja, wala si kumkataza mtu kufikiri. Kwa Kishona cha Zimbabwe dhiki hiyo huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na Vikram Patel na wenzake waliijengea hojaji ya dalili iliyochapishwa mwaka 1997. Hivyo mtafiti anayemuuliza mgonjwa wa Tanga kama ana mawazo mengi ya kumsumbua anaweza kuwa ameuliza kuhusu chanzo na matokeo kwa neno moja.

Kuihamisha njia ya London ni kugumu zaidi, na ugumu wenyewe ni wa kiisimu. Imla ya mwaka 1989 ilifaulu kwa sababu tahajia ya Kiingereza hutengana na matamshi. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Kina maneno yenye hatari na amani katika sauti moja, kama “ua” lenye maana ya waridi na lenye maana ya kutoa roho, au “nyoka” mnyama na “nyoka” kitenzi cha kukaa sawa. Lakini yote huandikwa vilevile, na karatasi ya mwandishi haifichui kitu. Sentensi ya daktari na mtoto nayo huvunjika papo hapo, kwani mfasiri hulazimika kuchagua kati ya ukuaji na uvimbe, na akishachagua amekwisha kumjibia mgonjwa.

Jozi za maneno za mwaka 1986 zina tatizo jingine. Ilibidi neno la kutisha na mwenzake yalingane kwa urefu na kwa wingi wa matumizi, na kwa Kiingereza palikuwa na hesabu kama ile ya Henry Kučera na Nelson Francis ya mwaka 1967, iliyotokana na maneno milioni moja. Kiswahili kina Kongoo ya Helsinki, iliyojengwa chini ya Arvi Hurskainen, yenye mamilioni ya maneno. Lakini ni nini kihesabiwe? “Ataumia”, “waliumizwa” na “yameniumiza” ni maumbo matatu ya mzizi mmoja, na takwimu ya umbo haifanani na takwimu ya mzizi. Tena, orodha ya maneno ya kutisha ya Kiswahili hujaa upesi maneno yenye asili ya Kiarabu: hatari, ajali, maradhi, msiba, balaa, fedheha, adhabu. Yakiwekwa kando ya kijiko, mlango na mkeka, kitakachopimwa chaweza kuwa tofauti ya asili ya neno au ya rejista badala ya hofu. Jozi ya haki ingekuwa ajali na asali.

Njia inayoelekea kufaa zaidi ni ya Mathews na Mackintosh, ya kisa kinachoamuliwa na neno la mwisho. Nayo hutaka marekebisho. Kitenzi cha Kiswahili hutangaza ukanushi wake mwanzoni kabisa, kiasi kwamba “hawaku-” huweza kuwa imekwisha kumwambia msomaji mwisho wa kisa kabla hajaufikia mzizi. Miisho yote miwili haina budi kushiriki kiambishi kimoja, na pengo la herufi liwe ndani ya mzizi: mtu amesimama kuhutubia harusini, anazitazama nyuso za wageni, anaona kwamba “wamef_r_hi” au “wamech_kizwa”. Hapo silabi mbili za mwanzo hazisemi kitu, na msomaji hubaki na utata hadi silabi ya tatu.